Kizuizi Katika Kibanda cha Tulle

Eskild Krogh alikuwa mtu wa maneno machache na makalio mapana, na yote mawili yalijulikana kijiji kizima. Tangu auze vizimba vyake vya chuma, vilivyowabana nguruwe wasigeuke wala kulalia watoto, ili apate cheti cha nguruwe huru, nguruwe wake walizalia kwenye vibanda vya bati kule shambani, wakigeuka watakavyo. Wakishageuka, walijibwaga popote. Uzao uliopita, Tulle, nguruwe jike mwenye kilo mia mbili na hamsini, aliwalalia wanawe watano wakafa, kisha akakoroma.

Siku ile Eskild alilia, akasingizia upepo. Uzao huu akaamua kuingia kibandani mwenyewe. Kutwa alikaa kwenye majani makavu, mgongo kwenye bati, na kila Tulle alipokunja magoti alimsukuma kwa bega akifoka, "Angalia watoto, wewe!" Siku ya tatu wote kumi na wanne walikuwa hai. Mkewe, Birgit, alimletea mkate mweusi uliopakwa maini. Maini ya nani, hawakutaja mbele ya Tulle.

Siku ya nne akaja mkaguzi wa cheti, Bi Solvej, na tepu yake ya kupimia. Akachungulia kibandani.

"Bwana Eskild, toka nipime."

"Siwezi, dada. Nikitoka tu, anawalalia watoto."

"Basi nitapima ukiwa humo humo."

Akapima, akarudia, akaandika. "Kanuni inasema mama ageuke bila kizuizi. Humu kuna kizuizi."

"Kipi?"

"Wewe."

Birgit, aliyekuwa amemletea mumewe kahawa, alicheka hadi ikamwagika. "Mzee wangu, umeuza vizimba ishirini ukabakiza kimoja, tena kinene!"

Eskild hakucheka. "Nikibaki, cheti kinakwenda, na mnunuzi naye. Nikitoka, watoto wanakwenda."

"Kanuni sikuitunga mimi," alisema Bi Solvej. "Toka."

Akatoka. Tulle akageuka mzunguko mzima, huru kabisa, akaanza kukunja magoti. Chini ya tumbo lake kitoto kimoja kilikuwa kimelala fofofo. Bi Solvej akatupa tepu, akajirusha ndani kichwa mbele, akamsukuma Tulle kwa bega. "Angalia watoto, wewe mama!"

Alitoka na majani nywelini, kitoto kikipiga kelele kwapani.

"Haya," Birgit akauliza, "na hiki nacho kizuizi kiandikwe wapi?"

Bi Solvej aliisoma kanuni upya, akiipangusa matope.

"Imekataza kizuizi cha sakafuni," alisema hatimaye. "Dirisha la kibanda haikulitaja."

Kwa wiki nzima Eskild alisimama nje ameinama, kichwa na mabega ndani ya dirisha, mkononi ufagio wa kumsukumia Tulle. Kitoto kimoja kililaliwa alipokwenda msalani, na safari hii hakusingizia upepo. Kumi na watatu wakapona. Majirani waliopita waliona makalio tu, wakayaamkia kwa heshima, na Birgit, alipotafuta pa kuweka kikombe cha kahawa, hakuhangaika kuleta meza.