Kitambaa cha Kufunikia Printa

Kamati ya kanisa letu, Kamina, ilinituma Lubumbashi kununua roneo mpya ya mkono. Nilirudi na printa ya umeme, nikawaambia roneo zimekwisha. Hazikuwa zimekwisha. Naanza na hilo kwa sababu nikilichelewesha nitatafuta njia ya kulipamba, na mimi kwa kupamba maneno sijambo.

Ilikuwa miaka ya tisini, vita havijatufikia bado. Nilikuwa katibu wa ofisi ya kanisa, kijana wa shule, mwenye kalamu mbili mfukoni na suruali yenye mstari wa pasi. Kazi yangu ilikuwa karatasi: matangazo ya Jumapili, nyimbo za kwaya, barua za kwenda makanisa yaliyo kando ya reli, kutoka Kaniama kule juu mpaka Bukama na kuendelea chini. Zote zilitoka kwenye roneo yetu ya zamani. Unapiga maneno kwa taipureta juu ya stensili, unaivisha stensili kwenye silinda ya wino, unazungusha mkono, karatasi zinatoka moja moja. Mpira wake ulikuwa umepasuka, kwa hiyo kila ukurasa ulitoka na mstari mweusi katikati, na mimi nilitoka na wino mpaka kwenye viwiko. Jumapili nilishika kitabu cha nyimbo kwa vidole vya fundi baiskeli, nikaona aibu mbele ya wasichana wa kwaya. Leo nikikumbuka nacheka. Eti aibu ya wino!

Wageni fulani walikuwa wametuachia kompyuta, nzito kama gunia la mihogo, isiyo na kitu cha kutolea maandishi. Kamati ikakaa. Nilisimama nikasema, kwa Kifaransa kingi kuliko kilichohitajika, kwamba wakati wa kuzungusha mkono umepita, tununue printa. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima ya Kifaransa. Aliyenijibu ni mama mwenyekiti wa akina mama, mjane, mwanamke mfupi aliyelima zaidi ya wanaume wote waliokaa pale. Ni yeye na wenzake walioleta mahindi na karanga kwenye sadaka ya mavuno, na ndiyo yaliyouzwa ili mashine ipatikane.

"Tata sekretere," akasema, "kuranti ya Kamina, umeme yetu, unaijua. Inaendaka, inarudiaka wakati inapenda yenyewe. Mukono yako iko tu pale kila siku. Utuletee ya mukono."

Kamati ikakubaliana naye. Iliandikwa kwenye daftari, na aliyeandika ni mimi.

Dukani Lubumbashi roneo zilikuwa mbili, juu ya rafu, mpya, za kijivu, mipira yake inang'aa. Ningeweza kulipa nikaondoka. Lakini muuzaji alinitazama ile suruali yangu, akaniita mkubwa, akanivuta mpaka kwenye meza yenye printa. Akaniuliza jina langu na kazi yangu. Akabofya. Ile mashine ikalia, kichwa chake kikakimbia huku na huku, ukatoka ukurasa mweupe usio na doa, na katikati yake jina langu, na chini ya jina: Katibu Mkuu. Mimi sikuwa katibu mkuu wa chochote. Hilo neno "mkuu" aliliongeza muuzaji kwa ujanja wake, na mimi sikumsahihisha.

Ule ukurasa niliukunja nikautia mfukoni. Kwa ukurasa huo niliuza mahindi ya wale mama.

Safari ya kurudi kwa treni ilikuwa ya siku mbili, na muda wote nilijifunza uongo wangu kama mwanakwaya anavyojifunza sauti yake, mpaka ukanikaa. "Roneo ilishaisha," nikawaambia kamati. "Banasema habatengenezake tena." Wakasikitika kidogo, wakakubali. Mama mwenyekiti akasema tunashukuru umefika salama.

Jumapili iliyofuata mashine ikabarikiwa. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake, viti vina vyake, hata chupa ya chai ina chake. Mama mwenyekiti alikuwa ameshona cha printa: kitambaa cheupe, majani ya kijani pembeni, maua mekundu manne, moja kila pembe. Alikaa nacho jioni ngapi sijui. Akakifunika mbele ya watu wote, ngoma zikalia, wakanipigia makofi mimi. Kitu kikishapewa kitambaa kwetu, kimeshaingia ukoo, na mtu hasemi tena kwamba kilikuja kwa njia mbaya.

Roneo ya zamani niliitoa haraka, maana sikutaka kuiona pale pembeni kila siku. Nikampa mfanyabiashara mmoja Mwislamu, wa zile familia zilizotoka Maniema zamani kwa njia za biashara, aliyetuuzia karatasi na wino. Naye akanipa karatasi. Huyu mzee nilimdharau kidogo, nikiri na hilo. Shule yake ilikuwa soko na chuo cha Kurani, na mimi nilidhani akili huja na Kifaransa. Aliizungusha ile roneo mara mbili, akainama kusikiliza.

"Bwana sekretere, hii chuma iko muzima," akasema. "Inaumwa mupira tu."

Nikamwambia achukue, ni yake.

Printa ilifanya kazi kama miezi mitano. Utepe wa wino ukafifia, mwingine haukupatikana Kamina. Umeme ukawa wa saa mbili kwa siku, ukawa wa siku mbili kwa juma, halafu tukaacha kuhesabu. Kamati ilipouliza, nilisema tunangoja utepe kutoka Lubumbashi. Matangazo nikayapiga kwa taipureta na karatasi za kaboni, na kitambaa kikabaki juu ya mashine, safi, maua yake yamenyooka. Wageni wa ofisi walikisifu.

Kisha vita vikaja. Kamina haikupigwa, lakini wanajeshi walijaa, mazutu yote, ile dizeli ya mitambo ya umeme, ikaenda kwao, na watu wakaanza kuingia kwa miguu kutoka kaskazini na mashariki, na baiskeli zilizobeba magodoro, sufuria, na wazee. Walilala shuleni na kanisani. Kila aliyefika alikuwa amepoteza mtu njiani. Miongoni mwao alifika binti wa mama mwenyekiti, aliyekuwa ameolewa upande wa Kabongo. Alifika peke yake. Mtoto wake wa kike, wa miaka saba, alipotea siku risasi zilipolia na watu wakakimbilia porini, kila mmoja na njia yake.

Siku ya pili mama mwenyekiti alikuja ofisini. Hakulia. Alisema mjukuu wake ana kovu la mafuta ya moto kwenye kiwiko cha kushoto, tena anajua kutaja jina la nyanya yake na la Kamina.

"Weye uko na mashini," akaniambia. "Fanya liste ya batoto bote benye banapotea. Tuma kila kanisa ya kando ya reli, bakasome Siku ya Mungu. Muntu moja atamujua."

Lilikuwa wazo zuri, na lilikuwa wazo la kazi yangu, na halikunijia mimi. Tulizunguka mashuleni siku tatu tukiandika: jina, umri, alama ya mwili, alipoonekana mwisho. Zikawa kurasa nne zilizojaa. Makanisa na vituo vilikuwa zaidi ya thelathini. Treni ya kwenda chini ilikuwa iondoke keshokutwa yake, na ya kwenda Kaniama asubuhi ya siku inayofuata. Treni wakati ule hazikuwa kitu cha kusema utapanda nyingine.

Mama mwenyekiti alisimama mbele ya printa, akakiondoa kitambaa mwenyewe, akakikunja mara nne akakishika kifuani, akangoja.

Nikabonyeza kile kidude cha kuwashia. Najua, najua. Nilijua hakuna umeme tangu juma lililopita, nilijua utepe umekauka, na bado nilikibonyeza mbele yake, tena mara ya pili, nikakunja uso kama mtu anayeshangaa. Katika yote niliyoyafanya, hako kamchezo ka uso ndiko kanakonichoma zaidi.

"Kuranti," nikasema.

"Eee," akajibu. "Kuranti." Hakunikumbusha daftari la kamati.

Tulikaa na taipureta, kaboni tatu zilizochakaa, na walimu wawili wenye kalamu. Kwa siku moja na nusu zikapatikana nakala saba zinazosomeka. Zote saba nikazituma chini, Bukama na miji mikubwa, kwa sababu niliona huko ndiko watu wengi wanakokimbilia. Kaniama kuna nini, nikajiambia, mahindi na ng'ombe.

Mama mwenyekiti akaniuliza pale stesheni, treni ya chini ikiwa imeshaondoka: "Na Kaniama?"

"Kaniama pia, mama. Itaenda kesho."

Nilikuwa na nia, hilo ni kweli. Kuandika nakala moja kwa mkono kungechukua saa chache. Lakini vidole vilikuwa vimevimba, nikaenda nyumbani, nikajinyoosha, nikasema nitaamka mapema. Niliamka jua limeshapanda na treni ya Kaniama imeshakwenda. Sikumwambia mtu.

Siku nane baadaye yule mfanyabiashara alirudi kutoka safari zake, akasikia habari za orodha sokoni. Akaja ofisini, hakukaa, akaniambia nimfuate. Nyuma ya duka lake, chini ya magunia ya chumvi, akafunua roneo yetu ya zamani. Mpira uliopasuka alikuwa ameuondoa, akaivisha silinda mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, umekatwa vizuri na kubanwa kwa waya. Alikuwa akiitumia kuchapia risiti za wenzake.

"Hii njo ile yenu," akasema. "Leta stensili."

Nikasema kitu, sijui nini, kuhusu bahati, kwamba Lubumbashi zilikuwa zimekwisha. Mzee aliendelea kupaka wino bila kuniangalia.

"Mule duka miye niliingia, bwana, ile juma weye ulinunua. Roneo mbili ilikuwa pale juu." Akaujaribu mkono wa mashine, ukazunguka. "Leta stensili. Bantu banangoja."

Kabla jua halijatua zilitoka nakala arobaini za kurasa zote nne, bila mstari katikati. Yeye alizungusha, mimi nilipokea karatasi. Hakumwambia mtu yeyote, siku ile wala baadaye. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mguu wangu uko mzima. Mwingine ndiye aliyevunjika.

Treni iliyofuata ya Kaniama ilipita baada ya majuma mawili. Jibu lilikuja na kondakta, barua ya mchungaji wa kule, na mama mwenyekiti akaja nayo ofisini haijafunguliwa kwa sababu hakujua kusoma. Akakaa kwenye kiti karibu na printa. Nikaifungua nikasoma kwa sauti.

Mchungaji aliandika kwamba mtoto mwenye kovu kwenye kiwiko cha kushoto alikuwa kwao. Alilala nyumbani kwa shemasi karibu majuma matatu, akimtaja nyanya yake wa Kamina, lakini hawakujua nyanya yupi. Siku tano kabla ya orodha kufika, familia moja iliyokuwa ikiendelea upande wa Kasai ilimhurumia, ikaondoka naye. Hakuna aliyeuliza jina la kijiji chao.

Baada ya hapo palikuwa na sentensi nyingine: orodha hii ndiyo ya kwanza kutufikia. Niliiona, jicho likaipita, mdomo ukaruka mpaka kwenye salamu za mwisho.

Mama aliinua kiganja chake. Kisha akahesabu kwa vidole. "Na ile ya kwanza?" akauliza. "Ile ulituma Kaniama. Ingefika mutoto angali pale."

Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo tunavyofundishwa. Mbele yangu palikuwa na mwisho wake, hatua moja tu, na nikairefusha.

"Ilipotea njiani, mama. Unajua treni za vita."

Akanitazama, na macho yake hayakuwa na shaka hata kidogo. Ningependa yangekuwa nayo.

"Treni haiko kosa yako, tata," akasema. "Weye ulifanya yote. Mungu anaona."

Tuliandika Kasai mara nyingi, mwaka huo na miaka iliyofuata. Mtoto hakupatikana, na mama mwenyekiti alikufa akiwa bado anauliza kila treni. Mfanyabiashara naye amekwishatangulia. Nimebaki mimi na hili, na nimeliandika nikijua kwamba nimengoja mpaka hakuna wa kunijibu.

Lakini siku ile ya barua mama mwenyekiti alipoinuka kwenda, aliona vumbi kwenye kile kitambaa, juu ya ua moja jekundu. Akakipangusa kwa kiganja, vumbi halikutoka.

"Ilichafuka," akasema. "Niende nayo kwangu, nikafule."

Nikamkunjia, nikampa. Alikirudisha Jumamosi, kimefuliwa na kupigwa pasi, kinanuka sabuni, akanisaidia kukitandika juu ya mashine, akivuta pembe zake mpaka maua yote manne yakakaa sawa.