Neno Nililoandika Chini ya Uso wa Dereva

Jumba letu la picha lilikuwa stoo ya mahindi kabla halijawa jumba la picha, na siku za mvua harufu ya mahindi ilirudi kudai mahali pake. Liko Malaba, nyuma ya ile barabara ambako malori hupanga foleni kungoja karatasi zigongwe mihuri ndipo yavuke kuingia Uganda. Foleni yenyewe, nisipotia chumvi, ilianza siku za Nuhu. Nikitia chumvi, Nuhu mwenyewe bado yumo, yuko nambari ya tisa kutoka mbele.

Mwenye jumba ni fundi wa mabango. Nusu ya hoteli za mji huu zimeandikwa kwa mkono wake, na vinyozi, na makanisa matatu yasiyosalimiana. Akikosa kazi ya mabango alikuwa anachora watu. Picha zikajaa nyumbani mpaka mkewe akamwambia achague kati yake na hizo nyuso, maana alikuwa amechoka kubadilisha nguo mbele ya wanaume arobaini. Ndipo akakodi stoo, akapaka kuta chokaa, akafungua mlango. Hakuwa na mfadhili wala shirika. Alikuwa na misumari.

Mimi nilikuwa mtu wa maneno. Nilisoma shule ya jioni ukubwani, mchana nikiuza vipuri vya baiskeli, na nilipofanya mtihani wa kidato cha nne nilikuwa na mvi kumshinda msimamizi. Kiswahili nilikipita vizuri, vizuri kiasi kwamba nilitembea na cheti mfukoni mwezi mzima na sidhani kuna ng'ombe wa Malaba ambaye hakukisoma. Kuanzia hapo watu wakaniita mwalimu. Fundi alikuwa na herufi nzuri, lakini sentensi zilimtoroka, kwa hiyo akaniomba niwe nikitunga maelezo ya chini ya kila picha, naye anayachora kwenye ubao mweupe.

Maonyesho ya kwanza yalikuwa ya baiskeli zinazovusha watu mpakani. Walikuja watu kumi na mmoja na mbuzi. Ya pili yalikuwa ya mawingu, na paa likavuja usiku wa kwanza, ikawa hatujui ni wingu lipi limechorwa na fundi na lipi limechorwa na mvua. Mgeni mmoja kutoka chuo cha Alupe alisifu sana lile la mvua. Ila kilichowaleta watu, nasema bila aibu, ni maelezo yangu. Chini ya picha ya kuku niliandika kwamba kuku huyo alishinda mwewe watatu na kumtia wa nne hasara ya mbawa. Watu walisoma wakacheka, wakarudi kesho na jirani. Fundi naye alicheka. Nikavimba. Nilianza kudhani picha ni kisingizio tu cha maneno.

Maonyesho ya tatu yalikuwa ya madereva. Fundi alikuwa amewachora kwa miaka, mmoja mmoja, wakati wakingoja kwenye foleni, kila uso kwenye kipande cha turubai kuukuu la lori kilichotandazwa juu ya mbao. Zilikuwa picha nzito. Ukiingia uliona wanaume ishirini wamechoka kwa pamoja, na wewe mwenyewe unashikwa na usingizi.

Mmoja wao alikuwa kijana wa Khunyangu. Nilimjua kwa sababu ya mke wake, yule mama anayeuza chai na chapati pale foleni inapopinda. Mume alipakia sementi kwenda Juba, na tangu siku aliyopiga simu kusema amefika Nimule, mpakani mwa Sudan Kusini, simu haikuingia tena. Lori halikuonekana, yeye hakuonekana. Ilikuwa imefika miaka mitatu. Mke aliacha shamba Khunyangu akaja kufungua jiko lake hapa, na kila dereva aliyetoka upande wa Juba alipewa chai, kisha akaulizwa. Hilo jiko lilikuwa la chai kwa watu wengine wote.

Fundi aliponionyesha picha hiyo aliniambia maneno matatu tu: alienda Juba, hakurudi. Nikakaa na kalamu. Maneno matatu hayatoshi mtu aliyepita Kiswahili. Nikaandika: "Marehemu dereva, mwana wa Khunyangu. Alivuka mpaka huu mara elfu, akafia safarini mikono yake ikiwa bado kwenye usukani." Niliisoma kwa sauti. Ilikuwa na mwendo mzuri. Fundi akainakili kwa rangi nyeusi, kwa zile herufi zake za kanisani, na hakuuliza, maana aliniamini.

Watu wa kwetu wanajua maana ya uso mkubwa kwenye fremu na maandishi meusi chini yake. Ndio unaotangulia jeneza. Walioingia siku ya kwanza walifika kwenye picha ile wakavua kofia. Mama mmoja aliweka tawi la maua sakafuni. Ukumbi uliojaa kicheko siku zote ukanyamaza kama kanisa, na mimi nilisimama pembeni nikiwa nimejaa furaha, nikijiambia kwamba sasa ndiyo sanaa yenyewe imefika.

Siku ya tatu aliingia mwanaume mrefu mwenye koti la kahawia. Alizipita picha nyingine bila kuziangalia. Mbele ya ile alisimama muda mrefu, halafu akatoa simu, akapiga picha ubao wa maelezo. Akauliza ni nani ameandika. Nikasema ni mimi, nikijiweka sawa kola. Akaniambia yeye ni kaka mkubwa wa huyo dereva, na akaniuliza, kwa upole sana, kama kweli tumepata habari.

Hapo ndipo ningesema ukweli, mambo yakaisha. Lakini mtu alikuwa amesimama mbele ya sentensi yangu macho yamemlowa, nami sikuwa na moyo wa kumwambia ni mapambo.

"Habari zilitufikia," nikasema.

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akanishukuru. Akasema sasa angalau watajua la kufanya.

Keshoye asubuhi mke wa dereva alikuja jumbani na aproni yake ya kazi, unga ungali vidoleni. Hakuwa amewahi kuingia. Alisema picha za watu walio kwenye foleni anaziona bure kila siku. Akaenda moja kwa moja, akasoma ubao, akausoma tena. Kisha akaja nilipo na kunieleza mambo kwa mpangilio, kama mtu anayemweleza karani.

Ukoo ulikuwa umekaa. Kaka aliwaonyesha ile picha ya simu, na kila mtu aliyejua kusoma akasoma. Wakapanga Jumamosi. Watakata shina la mgomba, walifunge kwa shati lake, walizike kando ya nyumba, kama anavyozikwa mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Baada ya hapo yeye atanyolewa, ataitwa mjane, na mume wake hata akitokea barabarani kesho yake hataweza kuingia kwa mlango wa nyumba yake, kwa sababu aliyezikwa hana mlango. Kwa miaka mitatu alikuwa amewakatalia. Walikuwa wamemsikiliza kwa sababu hapakuwa na mtu wa kusema vingine.

"Mwalimu, ulimwona akifa?"

Nikasema hapana.

"Nani alikuambia?"

Nilikuwa na majibu saba, yote yenye mwendo mzuri. Nikasema hakuna.

"Basi kuja Jumamosi uwaambie vile umeniambia mimi. Usiongeze kitu."

Nilijaribu kuponyoka, sifichi. Nilisema nitafuta ubao siku hiyo hiyo. Nilisema nitawaandikia barua, kurasa mbili, zenye heshima zote za uandishi rasmi. Aliniangalia kama mtu anavyoangalia maziwa yaliyoganda, akaniambia kuandika kwangu ndiko kulikotufikisha hapa. Akaomba pia picha iletwe, kwa sababu mama mkwe wake hajawahi kuiona. Akarudi kwenye jiko lake.

Fundi alikuwa amesikia yote. Alichukua brashi akaupaka ubao wote rangi nyeupe, polepole, toka juu mpaka chini. Hakunisemesha mpaka Ijumaa, na Ijumaa alisema tu kwamba tungeondoka kesho yake saa mbili.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili, picha imefungwa blanketi na kuegemezwa kati ya fundi na mwendesha pikipiki wake. Njia nzima watu waliona umbo la fremu ndani ya blanketi wakasimama. Waliokuwa wakipalilia waliweka majembe chini. Mwanaume mmoja kwenye baiskeli alishuka kabisa, akashika kofia kifuani mpaka tukapita. Mimi nyuma nilitamani kupiga kelele kwamba ni maonyesho tu, ni sanaa, endeleeni.

Khunyangu tulikuta mabenchi yamepangwa na watu wamekaa. Mgomba ulikuwa umeshakatwa. Ulilala kivulini kando ya ukuta, urefu wa mtu mzima, maji yake yakidondoka kwenye vumbi, na shati la bluu limekunjwa juu yake. Nimesema uongo mwingi wa furaha maishani, na mwingine nitausema tena, lakini sijawahi kuona uongo wangu umelala chini namna ile, umekatwa kwa kipimo cha mtu.

Kaka mkubwa alinikaribisha kama mgeni wa heshima. Akawaambia huyu ndiye mwalimu aliyepata habari. Nikasimama. Nikasema sikupata habari yoyote. Nikasema hakuna aliyeniambia kwamba amekufa, hakuna aliyeniambia kwamba yu hai, niliandika kwa sababu maneno yalinipendeza. Ilichukua muda mfupi kuliko kusalimia.

"Uliniambia habari zilifika," kaka akasema.

"Nilikudanganya."

"Nilikushika mkono."

Aliketi, akafunika uso kwa ile mikono mirefu, na nikatambua kwamba nilikuwa nimemfanya mtu mbaya akilini mwangu njia nzima ili iwe rahisi kufika. Alikuwa amempoteza mdogo wake, na nilikuwa nimempa mahali pa kumweka.

Mzee wa ukoo aliongea kidogo. Alisema walikubali kukata mgomba kwa sababu palikuwa na neno, na neno hilo limeondolewa na aliyelileta, kwa hiyo mke asiguswe. Wanaume wawili wakatoa lile shati wakalikabidhi kwa mke, halafu wakanyanyua shina na kulipeleka nyuma kwa ng'ombe. Nilidhani yameisha. Nilianza hata kupumua.

Lakini mama wa dereva alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, kitambaa cha msiba kimefungwa kiunoni tayari. Ni mzee sana, macho yake yamefunikwa na ukungu. Akaomba niletwe karibu.

"Tangu Jumanne nimelala usingizi," akaniambia. "Miaka mitatu sikulala, nikisikiliza barabara. Jumanne wakanisomea maneno yako, nikalia, nikalala. Sasa unasema niache kulia."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira. Mke wa dereva alitoka kwenye benchi, akaja kuketi kwenye mkeka ule, shati mapajani. Alikuwa ameshinda, na alikaa pale ameinamisha kichwa kama aliyeshindwa. Mama hakumsukuma, wala hakumkumbatia. Alifungua kile kitambaa kiunoni, akakikunja, akakiweka kati yao.

Kisha akauliza picha iko wapi.

Fundi aliifungua blanketi akaisimamisha mbele yake. Mama akainyoshea mkono, akagusa turubai, akashangaa ukali wake. Akasema haoni kitu zaidi ya kivuli, mwalimu amwambie ilivyo.

Nikaanza kusema kwamba amekaa kama chifu mbele ya watu elfu. Mke wa dereva akainua macho akaniangalia. Nikaanza upya.

"Amevaa shati la bluu," nikasema. "Kifungo cha pili hakipo. Nywele fupi. Ana kovu dogo juu ya jicho."

"La jembe," mama akasema. "Amenenepa?"

"Hapana, mama. Mashavu yameingia ndani kidogo."

"Hakuwa anakula vizuri njiani." Akageukia kidogo upande wa mkwe wake, kama anayemlaumu, kama anayemwambia tu. "Anaangalia wapi?"

Picha hiyo nilikuwa nimeiandikia sentensi mbili bila kuona kwamba macho hayakutuelekea. Nikasema anaangalia kando.

"Lori la mbele lilikuwa limesogea," fundi akasema nyuma yangu. "Aliinuka kabla sijamaliza sikio."

"Sikio lipi?" mama akauliza.

"La kushoto."

Mama akasogea mbele kwenye mkeka. Vidole vyake vilipita juu ya shavu, vikapanda taratibu juu ya rangi, mpaka vikafika pale rangi ilipoishia na turubai likabaki tupu. Akaviacha hapo. Mke wa dereva akamshikia mbao ya chini, ili picha isianguke.