Filimbi Mbili Chini ya Kikapu

Siku za kazi Wivine huuza dawa katika mtaa wa Hewa Bora. Jumapili huvaa shati la kijivu na kuwa refa wa mpira wa kikapu. Mwenzake ni Adalbert, mstaafu wa reli aliyemfundisha kazi, mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: haachi kosa lipite, hata lisilo lake. Mimi hushika saa mezani, nawaona wote wawili.

Marefa hugawana uwanja. Mmoja husimama chini ya kikapu, mwingine hufuata nyuma ya mchezo. Filimbi zikilia pamoja, kila mmoja huinua ngumi na kumtazama mwenzake kwanza. Mwenye eneo ndiye anayetoa ishara. Adalbert hangoji. Filimbi ikilia, mkono wake umeshasema, na Wivine, kwa heshima, hunyamaza. Ndiyo maana mwaka jana alinyimwa daraja la taifa. Kamisaa wa mechi alimwambia wazi kwamba refa asiyelinda eneo lake hasafiri.

Jumapili hii kamisaa yuleyule alirudi kumpima. Wivine alikuwa chini ya kikapu. Mshambuliaji akaruka, akamgonga mlinzi kifuani, wote chini. Filimbi mbili. Wivine akaonyesha kosa la mshambuliaji. Adalbert, kutoka mbali, la mlinzi. Uwanja ukalipuka.

Walikutana mbele ya meza yetu.

"Papa, ile ni zone yangu," akasema Wivine, ambaye wazee wote huwaita papa.

"Iko yako, mama. Lakini miguu ya mlinzi uliiona?"

"Hapana. Niliona tu kifua."

"Mie niliiona. Alikuwa anatembea."

Mlinzi akigongwa kabla hajasimama imara, kosa ni lake. Hata hivyo, Wivine angeshikilia neno lake, daraja lingekuwa lake. Lakini Adalbert ana pupa, si mwongo.

"Basi ni mie njo nitaitoa," akasema Wivine, akatangaza mwenyewe kosa la mlinzi.

Baada ya mechi kamisaa alimtikisia Wivine kichwa. "Umemuachia tena."

"Hapana, nimeamua mie mwenyewe."

"Nimeona mukono yake, kisha yako inafuata."

Daraja likaota mbawa. Iliniuma sana. Adalbert alimkimbilia kamisaa kumweleza, akarudi mikono mitupu.

"Pole, mama."

"Ulisema kweli, papa. Siku ingine ukiona miguu, kuja uniambie. Lakini mukono, uiache chini."

Akaingia chumba cha kubadilishia nguo, akalia. Adalbert alisimama mlangoni, akawazuia wachezaji wasiingie.