Spana za Kukaanga

Baridi ya mwaka ule, na msibishe, ilikuwa kali hata moshi wa gari ukitoka bombani ulisimama kama fimbo, ungeweza kuutundikia koti. Na katika baridi hiyo Fundi Kobe alifanya kazi nje, kwenye kiwanja kisicho na hata paa la kusingizia. Waliomwita Kobe hawakumwonea. Alivaa sweta juu ya sweta, suruali juu ya suruali, na akiingia chini ya gari ilibaki shingo tu ikichungulia.

Mwili ulisalimika. Vidole ndivyo vilivyomsaliti. Spana ilimnyonya joto lote, na glavu haikupita mahali nati ndogo zinapojificha. Siku nzima alilala kwenye boksi lililotandazwa chini ya gari la mkunga, akijaribu kufunga stata, nati ikimponyoka asijue kama ameishika au ameiacha. Jioni akamwambia mkewe, macho chini:

"Mama watoto, kesho nikishindwa tena, naacha ufundi. Mkono usiohisi nati si mkono wa fundi."

Mkewe aliendelea kusugua sufuria.

Asubuhi Kobe yuko chini ya gari, mkunga yuko pembeni anarukaruka kwa baridi.

"Baba, kuna mzazi ng'ambo ya mto, uchungu umeshamshika. Niende kwa miguu?"

"Subiri kidogo, dada yangu," alijibu Kobe, na vidole vimeshakufa ganzi.

Hapo mkewe akatokea, amebeba sufuria iliyoviringishwa blanketi la mtoto. Dereva wa lori aliyekuwa akingoja zamu yake akameza mate.

"Shemeji, leo umetukumbuka! Umetupikia nini?"

"Funua ule. Meno si unayo?"

Dereva akafunua. Spana tupu! Zile ndogo ambazo Kobe alidhani amezisahau nyumbani, zimekaangwa kavu, bila tone la mafuta.

Kobe akanyakua moja, akaruka akagonga kichwa.

"Aii! Mke wangu, hata spana unaunguza?"

"Si kila siku unalalamika chakula changu kimepoa?"

Kobe akaizungushia kitambaa, akaishika tena. Joto likampanda polepole, kidole kwa kidole, mpaka akazihisi hesi za nati zikikamatana. Akafunga, akakaza. Gari likakohoa, likanguruma, na mkunga akaondoka akipunga mkono dirishani.

Tangu siku hiyo, msimu wa baridi ukifika, spana hutangulia jikoni kabla ya chai. Mafundi wenzake nao huleta zao, na yule dereva huapa kwamba shemeji yake alishawahi kuchemsha gia boksi nzima ikaiva mpaka ikalainika.

Kobe hajui maneno matamu. Ila sufuria ile haioshi mtu mwingine. Jioni huisugua mwenyewe kwa maji ya moto, nje na ndani, kisha akaanza upya.

"Inatosha, baba watoto," mkewe humwambia. "Utaitoboa."