Faili Lililoachwa Lijifunge

Kanuni yake ilikuwa moja, na aliishika kwa miaka sita: muda wa malipo huhesabiwa pale mnunuzi anapotuma pesa, si pale muuzaji anapoziona. Hakuitunga yeye. Iliandikwa kwenye masharti ya kampuni ya mnada wa mtandaoni iliyomwajiri, ukurasa wa nne, mahali ambapo wasomaji wengi huwa wameshachoka. Wenzake waliisoma wakaiacha huko huko ukurasani. Yeye aliifanyia kazi, ndiyo maana wakambandika jina la Bi Dakika, kwanza kwa kumcheka, baadaye kwa mazoea, mpaka bosi mwenyewe akasahau jina lililoko kwenye mkataba wake.

Alikaa meza ya migogoro ya malipo, chumba cha ghorofa ya pili chenye meza nne na feni moja iliyogeuka upande mmoja tu. Mshindi wa mnada alipewa saa arobaini na nane kulipa. Muuzaji akilalamika kwamba malipo yamechelewa, faili lilifika kwenye meza hiyo, na mwamuzi alikuwa na siku moja ya kazi kuamua. Asipoamua, saa kumi na moja jioni faili lilijifunga lenyewe: mauzo yamefutwa, mnunuzi atarudishiwa pesa zake, muuzaji abaki na mali yake.

Kwa miaka hiyo sita Bi Dakika alikuwa ameona uchafu wa kila rangi. Alimwona mwanamume aliyeshinda majokofu matatu, akalipia moja, yale mawili akaanza kuyaombea punguzo kana kwamba mnada ni genge la nyanya. Alimwona mama mtu mzima, mwenye picha yake amevaa miwani ya heshima, ambaye alituma risiti iliyofutwa saa na kuandikwa nyingine juu yake, na wino wenyewe haukufanana. Waliokuwa wakimtia kinyaa zaidi ni wauzaji waliopata bei nzuri pembeni baada ya mnada kufungwa. Hao walizima simu, wakakataa ujumbe wa benki, wakapiga danadana mpaka muda uishe, halafu wakaja mezani kwake kulia kwamba wameonewa. Akimaliza faili la namna hiyo alikwenda kunawa mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu ila kipanya cha kompyuta.

Lakini kinyaa chake kikubwa alikiweka kwa watu wa chumbani mle mle. Jirani yake wa meza waliyemwita Mchungaji, kwa kuwa alisema polepole na kusamehe kila mtu akianza na nafsi yake, alikuwa na desturi ya kuacha faili gumu lilale. Hakuandika uongo wala hakupokea chochote. Alikwenda tu kunywa chai, akarudi saa kumi na moja na nusu akakuta limejifunga.

"Mimi nimefanya nini?" alikuwa akisema. "Mfumo ndio umeamua."

"Umekaa," Bi Dakika alimjibu siku moja. "Unalipwa kwa kukaa?"

"Dada, na wewe kwa ukali huo mumeo alikimbia au alifukuzwa?"

"Alichelewa kulipa," alisema Bi Dakika, na chumba kizima kikacheka, hata Mchungaji.

Ijumaa moja alasiri lilimfikia faili la mashine ya kudarizi. Mnada ulikuwa umefungwa Jumatano saa sita mchana, kwa hiyo mwisho wa kulipa ulikuwa Ijumaa saa sita mchana. Mnunuzi, mshonaji wa sare za shule, alituma pesa saa tano na dakika hamsini na mbili, na risiti ya benki ilikuwa na mhuri wa saa hiyo, safi, bila kuchezewa. Pesa zilionekana kwa muuzaji saa sita na dakika saba. Muuzaji alidai mnunuzi amechelewa. Lilikuwa faili la kumalizwa kwa dakika tatu. Bi Dakika alishika kipanya, kisha akasoma jina la duka la muuzaji, akakiachia.

Lilikuwa duka la shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa.

Masharti yalimtaka alipeleke faili kwa mwenzake. Mwenzake pekee aliyekuwapo alikuwa Mchungaji, na Bi Dakika alijua vizuri faili likifika pale litafanywa nini. Akajiambia kwamba muda bado upo mpaka Jumatatu jioni, atalibakiza ili mshonaji apate haki yake Jumatatu asubuhi. Alijiambia hivyo, na wakati huo alikuwa akisema kweli.

Jumapili alikwenda kwa dada yake kama kawaida, kumwona mama yao. Mama alikuwa na magoti mabovu. Ngazi za kwa Bi Dakika, ghorofa tatu bila lifti, zilikuwa hazipandiki kwake, hivyo alikuwa akiishi kwa dada, chumba cha nyuma kilichofunguka uani, na kitanda alichonunuliwa na shemeji. Kila mtu katika ukoo alijua ni nani aliyenunua kitanda kile, kwa kuwa shemeji hakuruhusu wasahau.

Walikula. Shemeji alikuwa mtu wa kula kwa sauti. Alimaliza nyama akaanza mifupa, na midomo yake iking'aa mafuta alisema, "Shemeji, nasikia kuna kijifaili changu kimeangukia kwako."

"Umesikia kwa nani?"

"Barua yenu imeandikwa namba ya meza. Mimi si mjinga." Alinyonya mfupa. "Sasa sikia. Yule mama alilipa kwa kuvuta mguu. Na hapo Ijumaa hiyo hiyo asubuhi akaja dukani bwana mmoja wa kiwandani, ana pesa mkononi, karibu mara mbili. Mara mbili, shemeji. Nimkatae, mimi kichaa?"

"Mnada ulifungwa Jumatano. Mashine si yako tena."

"Pesa zilikuwa hazijafika."

"Alikuwa na muda mpaka saa sita, na alilipa kabla ya saa sita."

"Dakika nane," alisema shemeji, akatabasamu, akamgeukia mkewe. "Mdogo wako bwana, akifa ataandikwa kaburini saa na dakika."

Dada alicheka kidogo, akainuka kutoa sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

Shemeji alisogeza kiti. Bi Dakika alisikia harufu ya vitunguu pumzini mwake. "Sikuombi uongo," alisema, sasa kwa sauti ya chini, ya upole kabisa. "Najua wewe ni mtu wa haki, mimi nakusifu huko nje. Nakuomba usifanye kitu. Acha tu. Kwani kuna dhambi ya mtu kutofanya kitu?" Akafuta vidole kimoja kimoja. "Mama amezoea hapa. Juzi nilikuwa namwambia dada yako, mama tumtengenezee na choo cha ndani, asiwe anavuka uani na magoti yale. Nikipata nafasi."

Bi Dakika alimtazama akichokonoa meno, akajiona anamchukia. Aliingia chumba cha nyuma kuaga. Mama alikuwa amelala, na fimbo yake imeegemezwa ukutani karibu na mlango, tayari kwa safari ya uani.

Jumatatu alifika kazini mapema akafungua mafaili mengine yote. Aliamua manane kabla ya chakula cha mchana, kwa ukali uliomshangaza hata yeye. Muuzaji mmoja wa matairi aliandikiwa sentensi ambayo bosi alilazimika kuilainisha.

Saa nane simu yake ililia. Alikuwa mshonaji.

"Dada, samahani, mimi ni yule wa mashine ya kudarizi. Naona faili langu limeandikwa linasubiri. Linasubiri nini?"

"Liko kwenye mchakato."

"Mchakato wa nini tena? Risiti umeiona?"

"Nimeiona."

"Ina kasoro?"

"Haina."

"Basi mimi nimelipa ndani ya muda halafu nabembeleza kama niliyechelewa," alisema mshonaji. Hakuwa na hasira. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kusimama kwenye foleni. "Nikueleze tu, dada yangu, si kukusukuma. Nina zabuni ya shule, mashati mia tatu na arobaini, kila mfuko una nembo. Shule zinafunguliwa baada ya wiki mbili. Kwa mkono siwezi, hata nikishona na miguu. Na pesa yangu yote iko kwenu. Siwezi hata kwenda kununua nyingine."

"Nimekuelewa."

"Leo, sivyo?"

"Leo," alisema Bi Dakika.

Mshonaji akapiga tena saa kumi kasorobo, na tena saa kumi na nusu. Bi Dakika aliiona namba ikiwaka kwenye simu akaiacha ilie. Faili lilikuwa wazi mbele yake, na kitufe cha kumpa mnunuzi haki yake kilikuwa cha kijani, kikubwa, hata mtu asiye na miwani angekiona. Aliwaza kitanda cha mama. Aliwaza ngazi zake za ghorofa tatu na mama akizipanda kwa makalio, ngazi moja moja, mbele ya majirani. Aliwaza pia kwamba huenda shemeji alikuwa akitishia tu, kwamba dada asingekubali mama atolewe, na kwamba hajawahi kumuuliza dada swali hilo kwa sababu aliogopa jibu. Saa kumi na dakika hamsini na tano alichukua kikombe chake, ambacho hakikuwa kichafu, akaenda kukiosha.

Alikiosha kwa muda mrefu. Alisugua mkono wa kikombe, akasugua kitako. Aliporudi ilikuwa saa kumi na moja na dakika nne, na kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na neno moja la kijivu: limefungwa.

Mchungaji alikuwa amesimama nyuma yake na koti mkononi. Alisoma kioo, akamsoma yeye, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyempata ndugu aliyepotea.

"Karibu, dada," alisema polepole, akampiga begani. "Inauma mara ya kwanza tu."

Katika maisha yake yote Bi Dakika hakuwahi kushikwa na mkono uliomtia kinyaa kama ule. Kilichokuwa kibaya zaidi ni kwamba hakuwa tena na haki ya kumwambia auondoe.

Kesho yake aliingia kwa bosi akaeleza yote, kuanzia jina la duka mpaka kikombe. Bosi alisikiliza huku akipanga kalamu zake kwa urefu.

"Ulibadilisha chochote kwenye mfumo?"

"Hapana."

"Ulipokea chochote?"

"Hapana."

"Basi faili lilijifunga. Yanajifunga kila wiki." Alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilinuka kuliko tusi. "Nikilifungua hili, itabidi nifungue na ya wenzako. Unataka tukae hapa mwaka mzima? Nenda kapumzike, Bi Dakika. Wewe ndiye mtu wangu bora."

Jioni hiyo alimpigia mshonaji kwa simu yake mwenyewe, akamwambia kwamba haki ilikuwa yake na kwamba yeye ndiye aliyeiacha ipotee kwa kumhofia shemeji yake. Alitegemea kutukanwa. Angelipenda kutukanwa.

"Kumbe shemeji," alisema mshonaji. "Haya. Mimi nilidhani nimekosea mahali fulani kwenye ile fomu. Nimeisoma mara nne." Kisha akauliza pesa zake zitarudi lini.

"Siku kumi za kazi."

"Siku kumi za kazi," alirudia mshonaji, na ikasikika sauti yake akimwambia mtu aliyekuwa karibu naye azime pasi. "Asante kwa kunipigia."

Jumapili Bi Dakika hakukaa mezani kwa dada yake. Alimwona mama, akaondoka. Shemeji alimfuata mpaka mlangoni na bahasha, Bi Dakika akaikataa, na shemeji akacheka akisema hiyo si hongo, ni asante, kwani alifanya nini? Choo cha ndani hakikujengwa mwaka ule wala uliofuata.

Mashine ilikuwa imekwenda kiwandani Jumatano, siku mbili tu baada ya faili kujifunga. Mshonaji alirudishiwa pesa zake zote siku moja baada ya shule kufunguliwa, na wakati huo zabuni alikuwa amepewa mtu mwingine. Aliwaachisha kazi wanawake wawili waliokuwa wakimshonea.