Cheti cha Ulinzi

Njiti, aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake, alikuwa na ada ya mtihani mmoja tu, na vyeti viwili vya kuanzia mbele yake: cha mitandao ya kompyuta na cha ulinzi wa mitandao. Shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, alikuwa fundi mitandao katika kampuni ya kusafirisha mizigo, na ndiye aliyemwombea kibarua hapo.

"Anza na mitandao, shemeji," alimshauri. "Utalindaje nyumba usiyojua milango yake?"

"Mitandao ni kuvuta nyaya na kula vumbi darini. Ulinzi ndiyo habari ya mjini!"

"Haya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Njiti akacheka. Vijana wengine bwana, wanataka paa kabla ya msingi! Akakariri maswali, akafaulu, akapewa meza, kadi ya shingoni na cheo kirefu kuliko yeye mwenyewe. Cheti akakitundika ukutani.

Asubuhi moja aliingia chumba cha mitambo, akakuta nyaya zimetapakaa ovyo. Akazipanga. Mmoja ulikuwa umechomekwa upande mmoja tu kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote, ncha ya pili inaning'inia. Akaichomeka kwenye swichi hiyohiyo, chumba kikapendeza. Muda si muda kampuni nzima ikagoma. Simu kimya, kompyuta zimeganda, malori yamepanga foleni getini.

Meneja akamjia mbio. "Tumevamiwa?"

Kwenye kioo cha mtambo wa ulinzi Njiti aliona data inafurika. Katika vitabu vyake, mafuriko ya namna hiyo yalikuwa shambulio. Maana nyingine hakuwahi kusoma.

"Tumevamiwa, bosi. Na inatokea chumba cha mitambo. Ni mtu wa ndani."

Ufunguo wa chumba hicho walikuwa nao watu wawili, yeye na shemeji yake. Walinzi wakamshika fundi mikono, wakamtoa mbele ya wafanyakazi wote. Mlangoni aligeuka. Hakutukana.

"Shemeji, umeangalia nyaya?"

Njiti hakuwa ameangalia. Alipokwenda, aliukuta waya wake mwenyewe, ncha zote mbili kwenye swichi moja, data inazunguka humo na kujizidisha. Hilo hufundishwa mwanzoni kabisa katika masomo ya mitandao. Akauchomoa. Simu zikaanza kulia, malori yakaingia.

"Huyu ndiye mlinzi!" meneja alitangaza, watu wakapiga makofi. Njiti alifungua mdomo aseme. Aibu na woga vikamshinda, akaufunga.

Jioni dada yake alipiga simu, analia.

"Mdogo wangu, wamemwita msaliti mbele za watu. Wewe una cheti, watakusikiliza. Waambie mume wangu hakufanya."

"Nitachunguza, dada," Njiti alijibu. Waya ulikuwa mfukoni mwake, ameuviringa vizuri.