Fundi Sikio na Pikipiki Iliyotoka Bandani

Fundi yule watu walimwita Sikio, na yeye mwenyewe hakuwahi kulikataa jina hilo. Angelikataaje, wakati ndilo lililomlisha miaka thelathini? Mafundi wengine walikuwa wakifungua injini na kupekua humo ndani kama mtu aliyepoteza funguo. Sikio alichukua bisibisi ndefu, akabandika ncha kwenye injini na mpini kwenye sikio, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka watu waanze kunong'ona, kisha akautamka ugonjwa. Valvu. Beringi. Pete za pistoni. Akishatamka ametamka, na mara nyingi, tumpe haki yake, alikuwa amepatia.

Hiyo ilikuwa zamani. Sasa tuseme lile ambalo gereji nzima haikulijua: Sikio alikuwa hasikii. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa kabisa miaka minne iliyopita, na la kulia lilikuwa linaaga kidogo kidogo. Wala usiulize kwa nini. Mtu aliyeshinda miaka thelathini ameinamisha kichwa kando ya sailensa zilizotoboka, tena akimwambia mteja avute mafuta zaidi, alikuwa anategemea nini, zawadi?

Aliyejua ni mkewe peke yake, fundi cherehani aliyefanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yao, si mbali na gereji. Alijua kwa sababu siku hizi kila jambo ilibidi amwambie mara tatu, na ile ya tatu kwa sauti ambayo majirani waliihesabu kuwa ugomvi. Alipomshauri aende hospitali akapimwe, Sikio aliapa kwamba anasikia vizuri kabisa, ila watu wa siku hizi wanamung'unya maneno. Dunia nzima inamung'unya, mzima ni yeye tu.

Lakini moyoni alijua, na aliogopa. Ng'ambo ya barabara ilikuwa imefunguliwa gereji mpya yenye sakafu ya vigae na kijana mwenye kompyuta. Ikijulikana tu kwamba Sikio hasikii, hakuna ambaye angemletea hata baiskeli ya kujaza upepo, na kazi nyingine hakuwa akiijua. Kwa hiyo alibuni utaratibu. Mteja akifika, kabla pikipiki haijawashwa, ni lazima aigize mlio kwa mdomo. Sikio humkodolea macho, akasoma midomo na mashavu, akahesabu mapigo kwa kidole pajani. Mtu mzima na suti yake anasimama katikati ya gereji anasema tki-tki-tki, mwingine grruu, grruu, na wastaafu watatu waliokuwa wakishinda kwenye benchi la nje, mabingwa wa kutofanya kitu, wanashika mbavu. Watu wakasema huo ndio utaalamu wenyewe, kwani fundi gani mwingine anamsikiliza mteja kwanza? Sifa zikazidi. Alivishwa kilemba cha ukoka kikamkaa vizuri, akaanza kukiona cha hariri.

Basi Jumatatu moja asubuhi akaja mwalimu mkuu mstaafu, mama mwenye miwani na mgongo ulionyooka, anasukuma kitu ambacho kwa heshima tutakiita pikipiki. Alikuwa ameachiwa na kaka yake aliyehamia mbali, na kwa miaka sita ilikuwa imekaa kwenye banda la kuku. Kuku walikuwa wameifanya makazi. Kiti kilikuwa kimedonolewa mpaka sponji, vioo havikuwepo, na kuanzia injini kwenda chini ilikuwa imepakwa tope na kinyesi vilivyokauka vikawa kama saruji. Mwalimu alieleza kwamba jirani aliwahi kuiwasha, ikawaka, lakini ikatoa mlio wa ajabu, akaizima haraka. Alikuwa anaitaka ya kumfikisha shambani kwake, chini ya kilima.

Sikio alifuta mikono, akamwomba auigize mlio.

"Mimi nimefundisha miaka thelathini na tano," alisema mwalimu. "Sitoi milio."

Sikio akaeleza kwamba ndio utaratibu. Mwalimu akamtazama kwa juu ya miwani, jicho lile lile lililokuwa likinyamazisha darasa la watoto sitini. "Si wewe wanayekuita Sikio? Basi sikiliza."

Sikio alivuta sanduku la spana.

Alibadilisha plagi, akasafisha kabureta iliyokuwa na mafuta mazito kama uji uliolala, akamwaga oili nyeusi na kutia mpya, akapiga kiki mpaka jasho likamtoka. Ikawaka kwa moshi na hasira. Akachukua bisibisi yake, akabandika, akafumba macho. Alichosikia ni uvumi wa mbali, kama maji yanayokaribia kuchemka ndani ya sufuria iliyofunikwa, basi. Akafumbua jicho moja akachungulia benchini. Mstaafu wa kwanza alikuwa amekunja uso, wa pili ameziba masikio, na wa tatu anatingisha kichwa kwa kufuata mapigo. Kumbe inagonga.

"Cheni ya taimingi," akatamka Sikio.

Mnajua kwa nini alisema cheni ya taimingi? Kwa sababu pikipiki iliyokaa sana, mara sita katika kumi huwa ni hiyo. Huo ndio ulikuwa utaalamu wa siku ile, kubahatisha kwa macho yaliyofumbwa. Mwalimu alishukuru, akaahidi kurudi Alhamisi.

Jumatatu mchana Sikio akafungua, na cheni aliyoikuta humo ilikuwa imekaza, inang'aa, haina hata mwaka wa kazi. Mtu mwenye akili zake angekaa chini afikiri upya. Sikio aliifunga tena, akaiwasha, akatazama benchi, akaona nyuso bado zimekunjwa, akasema ni valvu. Jumanne nzima ikaisha kwenye valvu. Nyuso zikabaki zimekunjwa vile vile. Jumatano akahamia kwenye pistoni. Benchi nalo halikuchoka kusaidia: wa kwanza alisema ni rodi, wa pili akasema ni mafuta machafu, na wa tatu, ambaye maisha yake yote alikuwa karani wa posta, alishauri ibadilishwe injini nzima. Kufikia jioni sehemu yote ya juu ya injini ilikuwa vipande vipande juu ya gunia, na kila kipande kizima. Injini ile ilikuwa na afya kuliko fundi wake.

Katika siku zote hizo tatu hakuna aliyemwaga hata kopo la maji kwenye ile saruji ya kuku. Gereji nyingine pikipiki huoshwa kwanza, ndiyo kawaida. Sikio alikuwa ameacha kuosha tangu alipopata jina, maana kuosha ni kwa mafundi wanaohitaji macho.

Alhamisi asubuhi alikuwa ameshavirudisha vipande vyote mahali pake, na mwalimu alitarajiwa saa nne. Akaiwasha akiwa ameinama, roho mkononi. Mkewe alikuwa anakuja na chupa ya chai, na akiwa bado langoni aliusikia mlio ule akasimama. Akaita. Sikio hakugeuka. Akaita tena, kisha akaenda akamgonga begani.

"Baba, hii inagonga kama cherehani yangu ilipolegea mezani," alimwambia akiwa amelisogelea sikio lake la kulia. "Imeshikiliwa na nini?"

Sikio akamjibu kwa uungwana wa mtu aliyekosa usingizi siku tatu kwamba cherehani ni cherehani na injini ni injini, na kila mtu abaki na fani yake. Mkewe hakubishana. Miaka yote ile alikuwa amejifunza kwamba kubishana na mtu asiyesikia ni kuchosha koo tu. Aliizima pikipiki, akachukua ndoo na brashi ya kufulia ovaroli, akajikunja akaanza kusugua chini ya injini, kwa nyuma, pale inaposhikana na fremu. Saruji ikalainika ikaanguka mabonge mabonge. Mahali pa bolti hapakuwa na bolti. Palikuwa na msumari wa inchi sita, umepitishwa matundu yote mawili na kukunjwa ncha, kazi ya mtu fulani aliyekuwa na haraka na hakuwa na aibu.

Mkewe akaiwasha tena, akaushika mkono wa mumewe, akaubandika ubavuni mwa injini. Ikaruka chini ya kiganja chake, ikagonga fremu, ikaruka tena. Aliisikia kwa ngozi, waziwazi, mapigo yote. Siku tatu alikuwa ameibandika bisibisi hapo akijifanya anasikiliza, na kiganja kimoja kingemwambia kila kitu.

Alitafuta bolti ya saizi ile, akaitia, akakaza nati kwa spana mpaka ikalia. Benchini wakapongezana, kila mmoja akikumbusha kwamba hicho ndicho alichosema tangu mwanzo. Sikio aliugeuzageuza ule msumari mkononi. Ulikuwa umelika katikati, umebaki mwembamba kama njiti ya kiberiti. Akaifikiria barabara ya kilima, akamfikiria mama wa watu na miwani yake anateremka nao.

"Leo tumeuona," alisema mkewe. "Kesho itakuwa breki."

Safari hii alikuwa amesikia bila kurudiwa.

Saa nne kamili mwalimu akafika. Alizunguka pikipiki yake iliyooshwa nusu ya chini, akauliza imepatikana nini. Benchi likainua shingo. Ilikuwa rahisi mno kusema cheni ya taimingi. Mteja angeondoka ameridhika, jina lingebaki mahali pake, na Jumatatu ijayo angekuja mwingine na tki-tki yake. Sikio aliufungua mkono akamwonyesha msumari. Akasema injini aliifungua bure siku tatu, haikuwa na ugonjwa wowote, na kwa kazi hiyo hamdai chochote. Mwalimu aliugusa msumari kwa ncha ya kidole. Akaiwasha pikipiki mwenyewe, akainamisha kichwa.

"Umenyamaza ule mlio?" aliuliza.

"Mwalimu, kwangu mimi milio yote inanyamaza, miaka minne sasa," alisema Sikio. "Huo wako ameusikia mke wangu."

Benchi likaangua kicheko, maana Sikio na utani wake tangu lini? Yeye aliwaona mabega yanavyotikisika na vinywa vilivyofunguka. Kicheko chenyewe hakikumfikia. Alisubiri mpaka mabega yakatulia.

"Si utani," alisema. "Sisikii. Ndiyo maana nawaigizisha."

Karani wa posta alianza kukagua viatu vyake. Mkewe, aliyekuwa ameanza kumimina chai, aliiweka chupa chini polepole. Sikio alisimama na msumari wake, anamngoja mwalimu aseme asante, achukue pikipiki yake na siku nyingine avuke barabara kwa yule wa kompyuta, na habari ifike sokoni kabla ya mchana.

Mwalimu aliirekebisha miwani. Alikuja akasimama mbele yake, karibu, mahali ambapo midomo yake ilionekana vizuri. Mama aliyefundisha miaka thelathini na tano, aliyekuwa hatoi milio, alivuta pumzi mbele ya benchi zima.

"Jirani alipoiwasha ilikuwa hivi," alisema. "Ko-ko-ko-ko-ko. Sasa iko hivi." Akajaza mashavu, akatetemesha midomo mpaka mate yakamruka. "Brrrrrrr. Umeona? Imepona."

Benchini hakucheka mtu.